Krediti 18: uchambuzi wa kisa cha senta aliyehama chuo

Kisa hiki kinamhusu mchezaji wa mpira wa kikapu kutoka Afrika Mashariki aliyehama chuo nchini Marekani mwaka 2024. Nimekiandika kwa idhini yake na ya mama yake. Jina, nchi, majimbo na vyuo vimeondolewa, na baadhi ya maelezo madogo yamebadilishwa ili asitambulike. Yeye nitamwita J. Vyuo nitaviita A, B na C. Mimi nilihusika kwa sababu familia iliniomba nisome karatasi zilizokuwa zinatumwa kwao, kazi ninayoifanya mara kwa mara kwa wazazi walioko nyumbani ambao watoto wao wanasoma huku.

Wazazi wanaonipigia huuliza kwanza kuhusu dakika za uwanjani, halafu fedha. Ni maswali ya haki. Lakini katika kisa cha J yaliyoamua mambo yalikuwa mawili ambayo hakuna aliyeyauliza kwa wakati: krediti zake ngapi, yaani vipimo vya uzito wa masomo aliyoyafaulu, zitahesabiwa huko aendako, na rekodi yake ya visa, ambayo hushikwa na chuo, iko mikononi mwa nani.

## Kanuni zilivyokuwa

Hadi miaka michache iliyopita, mchezaji wa kikapu wa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, aliyehamia chuo kingine cha ngazi hiyo alikaa mwaka mzima bila kucheza. Alifanya mazoezi na wenzake, lakini siku ya mechi alivaa nguo za kawaida na kukaa mwisho wa benchi. Ndiyo maana wengi hawakuhama. Senta Mtanzania Hasheem Thabeet aliondoka Dar es Salaam, akacheza misimu mitatu Connecticut, chuo kilekile kimoja, akachaguliwa wa pili katika drafti ya NBA mwaka 2009.

Oktoba 2018 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilianzisha potali ya uhamisho. Ni kanzidata ambamo chuo huingiza jina la mchezaji wake anayetaka kuondoka, na jina likishaingia makocha wa vyuo vingine wanaruhusiwa kumpigia. Aprili 2021 ikaamuliwa kwamba kila mchezaji anaweza kuhama mara moja bila kukaa mwaka. Desemba 2023 mahakama ya shirikisho huko West Virginia ikasimamisha kanuni iliyokuwa inawabana wanaohama mara ya pili, na Aprili 2024, J akiwa tayari ndani ya potali, NCAA ikaondoa kikomo kabisa: hama mara utakazo, mradi umetimiza masharti ya masomo.

Watu wengi wakisikia habari hiyo huishia kwenye nusu ya kwanza. Nusu ya pili ina hesabu kali. Kwa kanuni za wakati huo, anayeingia mwaka wa tatu alitakiwa awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake, anayeingia wa nne asilimia 60, wa tano asilimia 80. Shahada ya kawaida ni krediti 120, kwa hiyo asilimia 40 ni krediti 48. Na anayepiga hesabu ni chuo anakohamia mchezaji, kwa kuangalia shahada atakayoisoma huko. Mchezaji anaweza kuwa na krediti 60 safi kabisa mkononi, chuo kipya kikampa 40 tu, akakosa sifa ya kucheza bila kufeli somo hata moja.

## J ni nani

J ana urefu wa mita 2 na sentimita 6. Alikuja Marekani kumalizia sekondari, kisha mwaka 2022 akajiunga na Chuo A, chuo kidogo cha binafsi chenye timu ya Divisheni ya Kwanza. Ufadhili wake ulikuwa kamili: ada, chumba, chakula, vitabu. Mwaka wa kwanza aligusa uwanja kwa dakika chache. Wa pili alifika kama dakika 14 kwa mechi, akiingia kumpokea senta wa kwanza, yaani mchezaji mrefu anayecheza karibu na kikapu, mkongwe aliyekuwa anamaliza msimu huo. Kila mtu pale, J mwenyewe na makocha wake, alijua kwamba mwaka wa tatu nafasi ile ni yake.

Alikuwa anasoma mifumo ya habari ya biashara. Aliichagua mwenyewe na aliipenda, ingawa hesabu za uhasibu zilimtesa. Mama yake ni mwalimu wa shule ya msingi, na katika mazungumzo yetu yote sikumsikia akimuuliza mwanawe kuhusu pointi wala ribaundi, yaani mipira inayonaswa baada ya mtupo kukosa. Aliuliza mitihani.

Alikuwa na visa ya mwanafunzi ya F-1, na hapo hadithi yake inaachana na ya mchezaji wa Kimarekani anayelala chumba kimoja naye. Mwenye F-1 hafanyi kazi nje ya chuo bila idhini. Fedha za jina na sura, maarufu kama NIL, ambazo wachezaji wa Marekani wamezipokea tangu Julai 2021 kwa matangazo, kusaini jezi na kutokea kwenye hafla, kwake ni eneo la hatari: akilipwa kwa kazi aliyoifanya ndani ya Marekani, anaweza kupoteza hadhi ya visa.

## Machi: kocha anaondoka

Msimu wa 2023–24 ulipokwisha, kocha mkuu wa Chuo A alichukuliwa na chuo kikubwa zaidi. J aliisoma habari hiyo kwenye simu akiwa kwenye foleni ya chakula. Kocha alimtumia ujumbe mfupi wa kuaga jioni ile, na sikumlaumu. Mambo haya hufanyika kwa saa chache na mwanasheria yuko pembeni.

Kocha mpya alifika wiki iliyofuata akakutana na kila mchezaji peke yake. Kikao cha J kilikuwa kifupi. Kocha alisema ufadhili utaheshimiwa, ila nafasi hawezi kumwahidi mtu, na kwamba anakuja na vijana wawili wakubwa kutoka alikotoka. J alitoka pale akiwa ameelewa jambo moja: dakika alizokuwa anazisubiri kwa miaka miwili zimekwenda.

Dirisha la potali kwa wanaume mwaka ule lilikuwa la siku 45, kuanzia Machi 18 hadi Mei 1. Ndani ya siku hizo kulitokea sauti tatu, zote zikimvuta nje.

Ya kwanza ilikuwa ya kocha msaidizi aliyemsajili Chuo A, ambaye sasa alikuwa amehamia Chuo B, katika ligi kubwa inayoonyeshwa kwenye televisheni. Alimtumia ujumbe kupitia rafiki: ingia potali, mimi nitakushughulikia. Kanuni zinakataza chuo kuwasiliana na mchezaji kabla jina lake halijaingia, na ndiyo maana ujumbe ulipita kwa mtu wa tatu.

Ya pili ilikuwa ya wenzake. Wanne walikuwa wameshaingia.

Ya tatu ilikuwa ya mtu aliyejiita wakala. Alimpata J kwenye Instagram, akamwambia watu wanaoifadhili timu ya Chuo B wako tayari kumlipa dola 60,000 kwa mwaka. Suala la visa lilipotajwa alijibu kwa jina moja: Oscar Tshiebwe. Jina hilo lina uzito kwa kijana yeyote wa kwetu. Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi, akahama kutoka chuo cha West Virginia kwenda cha Kentucky Januari 2021, na msimu uliofuata akaongoza nchi nzima kwa wastani wa ribaundi 15.1 na kuwa mchezaji bora wa vyuo wa mwaka 2022. Alichonyamazia wakala ni kwamba Tshiebwe naye alikuwa na F-1, na kazi zake za matangazo alizifanya timu ilipokwenda Bahamas Agosti 2022, nje ya ardhi ya Marekani, huku wanasheria wakisimamia kila hatua. J hakuwa mchezaji bora wa nchi, na Chuo B hakikuwa na safari ya Bahamas.

## Kikao cha familia

Waliongea usiku wa Jumamosi, kwa saa za nyumbani ikiwa karibu alfajiri. Kwenye simu walikuwa mama, mjomba ambaye ndiye aliyegharamia tiketi ya kwanza ya ndege, dada mkubwa, J na mimi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Hapo ulipo unakula?"

"Nakula, mjomba."

"Unalala pazuri? Unasoma?"

"Ndiyo."

"Sasa kinachokutoa ni nini?"

J alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Alisema mchezaji wa urefu wake asipocheza mwaka wa tatu, hakuna timu ya Ulaya wala ya BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, itakayomtazama baadaye, na kwamba kikapu ndicho kilichomlipia shule, kwa hiyo kukitunza ni kutunza shule. Mjomba alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama Chuo A kitamshikia nafasi yake wakati anatafuta kwingine. J akasema ndiyo.

Jibu hilo halikuwa sahihi. J hakudanganya, ndivyo alivyoamini, na wengi wanaamini hivyo. Mchezaji akishawasilisha taarifa ya kuingia potali, chuo chake kinaruhusiwa kusitisha ufadhili mwishoni mwa muhula ule. Kinaweza pia kumrudisha kikitaka, lakini halazimiki mtu. Niliwaeleza hivyo palepale. Mjomba akasema basi mtoto atulie mpaka apate barua ya huko. Nikaeleza tena kwamba huko hawaruhusiwi hata kumpigia simu mpaka aingie. Ukimya uliofuata ulikuwa mrefu. Uamuzi ulimwangukia J, na mama akamwambia jambo moja tu: asibadilishe anachosoma.

Kwenye hatua hii nilimshauri asubiri wiki moja, amwone mshauri wa masomo, achukue hati ya matokeo, ailinganishe na masharti ya shahada katika vyuo vitatu au vinne anavyovifikiria. Vyuo vingi vya Marekani huweka mtandaoni majedwali ya somo gani la chuo kipi linakubaliwa kama somo gani, na mwanafunzi yeyote anaweza kuyasoma bila kuvunja kanuni. J aliona wiki ni nyingi. Nafasi za masenta, alisema, zinajaa kila siku. Kwa upande wake hakukosea kabisa: zilikuwa zinajaa.

## Ndani ya potali

Alimaliza somo fupi la mtandaoni ambalo kila anayehama lazima alipitie, akawasilisha ombi, na chuo kikaingiza jina lake ndani ya siku mbili za kazi kama kanuni inavyotaka. Simu zilianza ndani ya saa moja. Siku tatu za mwanzo alipigiwa na vyuo zaidi ya 20, kisha zikapungua ghafla. Makocha hupiga kwanza ili wajue mchezaji anataka nini, halafu hurudi kwenye orodha yao na kumpanga mahali.

Chuo B kilimwita kutembelea. Alionyeshwa ukumbi, jezi yenye jina lake, chumba cha kubadilishia nguo chenye televisheni kila ukuta. Kocha mkuu akamwambia kwa mdomo kwamba nafasi ni yake. Chuo C, ambacho ligi yake ni ya ukubwa sawa na ya Chuo A, kilikuwa kimepoteza masenta wake wote wawili, nacho kilimpigia karibu kila siku. J hakukikataa, lakini alikiweka pembeni.

Msaidizi wa Chuo B akamwambia aanze kuhamisha rekodi yake ya visa mara moja ili "tusichelewe". Hapa mtu mmoja alimwokoa J bila kujua kikapu hata kidogo. Mama mmoja wa makamo katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya Chuo A alikataa kuandika tarehe ya kuachia rekodi mpaka aone barua ya udahili. J alikasirika. Alimwambia kocha ameshaahidi. Mama yule akamjibu kwamba kocha hatoi I-20, hati ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni kwa ajili ya visa.

Siku tisa baadaye Chuo B kilimpata senta wa miaka 23 mwenye shahada mkononi na msimu mmoja uliobaki, mzoefu na tayari kucheza siku ya kwanza. Msaidizi hakupiga simu. Alituma ujumbe kwamba mambo yamebadilika na kwamba anamwombea heri. Kama rekodi ya visa ingekuwa imeshaachiwa kwenda Chuo B, tarehe ya kuachia ikishapita, Chuo A kisingekuwa na uwezo wa kuirudisha, na J angekuwa mwanafunzi wa kigeni chini ya chuo ambacho hana ufadhili nacho.

Karatasi za wakala zilinifikia katika wiki hiyohiyo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mambo ya kawaida kuhusu matangazo. Ukurasa wa pili, katika kifungu kilichoandikwa kwa herufi ndogo kuliko vingine, ulimpa wakala asilimia 20 ya mapato yote ya kikapu kwa miaka minne, pamoja na ya ligi za kulipwa. Kuwa na wakala wa NIL kunaruhusiwa. Kukubali kuwakilishwa kwa ajili ya kazi ya kulipwa ya baadaye ni jambo jingine, linaloweza kumwondolea mchezaji haki ya kucheza chuoni. Afisa wa kanuni wa Chuo A, ambaye bado alikuwa na wajibu kwa J hadi muhula uishe, aliusoma ukurasa ule akamwambia asiusaini. J hakuusaini.

## Meza ya msajili

Ilikuwa mwisho wa Aprili. Kimebaki Chuo C, na kwa bahati njema kocha wake hakuwa mtu wa kinyongo. Alitoa ahadi ya ufadhili kamili kwa maandishi. Hati ya matokeo ikapelekwa kwa msajili, na tathmini ikarudi baada ya siku 11.

J alikuwa na krediti 61. Chuo C kilikubali 52. Tisa zilizokataliwa zilikuwa hizi: uhasibu wa kwanza, krediti tatu, kwa sababu alipata D, hisabati ya maandalizi, tatu, mazoezi ya kikapu yaliyohesabiwa kama somo, mbili, na kozi ya kuwazoesha wanafunzi wapya maisha ya chuo, moja. Katika 52 zilizokubaliwa, nyingine tisa hazikuwa na mahali pa kukaa ndani ya shahada ya mifumo ya habari: masomo mawili ya dini ambayo Chuo A kilimlazimisha kila mwanafunzi kuyasoma, na utangulizi wa elimu ya uhalifu aliouchukua kwa sababu ratiba yake haikugongana na mazoezi. Zilizobaki za kuhesabika ni 43. Alihitaji 48.

Niliitazama ile hati kwa muda mrefu. Kila krediti iliyopotea ilikuwa na sababu yake, na karibu kila sababu ilikuwa uamuzi mdogo uliofanywa na mtu mwingine miaka miwili nyuma, mtu aliyekuwa anampangia ratiba ili tu awe na sifa za kucheza msimu ule.

Kocha wa Chuo C alikuja na jawabu la haraka: abadilishe fani, aingie shahada ya masomo ya jumla. Huko krediti zote 52 zingehesabika, na J angeruhusiwa kucheza siku hiyohiyo. Wachezaji wengi wanaohama hupitishwa njia hii. Inamaliza tatizo la kocha. Mchezaji hulikuta tatizo lake upya siku anapotafuta kazi akiwa na shahada ambayo hawezi kueleza ni ya nini.

Njia ya pili ilikuwa masomo mawili ya kiangazi, uhasibu na takwimu, krediti sita, ambazo zingemfikisha 49. Akifeli moja, msimu unaanza yeye hayumo.

J aliwapigia nyumbani. Mjomba alisema achukue njia yenye uhakika. Mama alisema, kwa sauti ya chini, kwamba alishasema la kusema. J akachagua kiangazi, na akaomba mambo mawili yaandikwe kabla ya kusaini: kwamba chuo kitalipia masomo yale, chumba na chakula kuanzia Juni, na kwamba ufadhili utaendelea hadi shahada ikamilike hata kama misimu yake ya kucheza itakuwa imekwisha. Kocha alikubali la kwanza bila neno. La pili lilichukua siku nne na simu kadhaa na likaandikwa. Ni sehemu ya kisa hiki ninayojivunia kwa niaba yake. Alikuwa na miaka 21, hana wakala, na alijua kwamba nguvu yake yote iko kabla ya sahihi.

## Visa, chumba na kiangazi

Mpango wa awali wa kocha ulikuwa J asome masomo yote mawili kwa mtandao huku akifanya mazoezi na mkufunzi katika mji mwingine. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya Chuo C iliukataa. Muhula wa kwanza wa J pale ungekuwa huo wa kiangazi, kwa hiyo ilibidi awe mwanafunzi wa muda wote, na mwenye F-1 anaruhusiwa kuhesabu somo moja tu la mtandaoni kwa muhula kutimiza sharti hilo. Takwimu zilikuwa zinafundishwa mtandaoni peke yake kiangazi kile. Uhasibu ulikuwa darasani. Moja na moja. Ikapita kwa wembamba wa uzi.

Rekodi ya visa iliachiwa katikati ya Mei, safari hii barua ya udahili ikiwa mezani. Visa iliyo kwenye pasipoti ilibaki kutumika kwa sababu namba ya rekodi haikubadilika, lakini J hakusafiri kwenda nyumbani kama alivyopanga. Hakutaka kusimama mbele ya afisa wa mpakani akiwa na karatasi za vyuo viwili.

Kuna kipindi ambacho hakuna aliyekifikiria. Mabweni ya Chuo A yalifungwa mapema Mei, na chumba cha Chuo C kilianza Juni. Ufadhili wa kwanza umekwisha, wa pili haujaanza, na mtu mwenye F-1 hawezi kwenda kubeba mizigo ghalani ili apate kodi. Alipokelewa na familia ya Kikongo iliyotoka Bukavu, aliyoifahamu kanisani. Alilala kwenye godoro sebuleni, miguu ikitokeza nje kuanzia magotini, akala ugali na sombe kila jioni, na akawafundisha watoto wao hesabu. Mama mwenye nyumba alikataa kupokea chochote.

## Matokeo

Alipata B katika uhasibu uleule uliompa D, na C+ katika takwimu. Agosti 2024 alithibitishwa kuwa na sifa. Alianza msimu akitokea benchi, na kuanzia Januari akawa kwenye kikosi cha kwanza, akicheza zaidi ya dakika 20 kwa mechi. Krediti zake zilipanda hadi 76 kufikia Mei 2025, juu ya 72 zinazotakiwa kwa mwaka wa nne.

Machi 2025 simu zilianza tena, safari hii kutoka ligi kubwa. Msimu huo zaidi ya wachezaji 2,000 wa kiume wa Divisheni ya Kwanza waliingia potali, katika ngazi yenye vyuo zaidi ya 360. J alichukua hati yake ya matokeo, akakaa nayo jioni moja na jedwali la chuo kilichompigia, akaona angepoteza tena krediti zaidi ya kumi. Akabaki.

Hasara haijafutika. Kwa krediti 76 hawezi kumaliza 120 pamoja na wenzake wa mwaka 2022. Atahitaji muhula mmoja zaidi baada ya msimu wake wa mwisho. Ahadi ya maandishi ndiyo itakayoulipia.

## Uchambuzi

Kuhama kwenyewe hakukuwa kosa. Sababu ya J ilikuwa ya kweli: aliyemsajili ameondoka, nafasi imekwenda, na msimu wa tatu hauna marudio kwa mtu mwenye miaka mitano tu ya kalenda kucheza misimu minne. Wanaosema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu wangepaswa kwanza kuwauliza makocha.

Kilichomuumiza ni mpangilio wa hatua. Alifungua mlango wa kutokea kabla ya kuhesabu alichobeba, na alipofika kwa msajili alikuwa hana tena pa kurudi. Kama angefika mwisho wa Aprili akijua zile 43, asingeshangaa, na angekuwa ameshauliza kila chuo kilichopiga simu swali la kiangazi tangu siku ya kwanza. Huenda hata Chuo C kingekuwa chaguo lake la kwanza badala ya la mwisho. Wiki moja niliyomwomba ingetosha, kwa sababu dirisha lilikuwa la siku 45 na yeye aliingia mapema. Leo nafasi hiyo haipo. Dirisha lilipunguzwa hadi siku 30 mwaka 2025, na kwa 2026 likawa la siku 15 zinazoanza baada ya fainali. Kwa mwanafunzi wa kigeni maana yake ni kwamba tathmini ifanyike Februari, wakati msimu bado unaendelea na hakuna anayetaka kuonekana akiuliza mambo ya kuondoka. Kuomba hati ya matokeo na kusoma majedwali hakumlazimu mtu kumwambia kocha yeyote.

Kilichomsaidia zaidi kilikuwa watu wawili wa ofisini waliokataa kuharakishwa, yule wa visa na yule wa kanuni. Wachezaji wetu huwaona watu hawa kama vizuizi kwa sababu huongea kwa karatasi huku makocha wakiongea kwa ahadi. J aliwakasirikia wote wawili. Lakini aliwasikiliza, na hilo si jambo dogo kwa kijana aliyekuwa ameonyeshwa jezi yenye jina lake.

Kuhusu fedha, nina wasiwasi kwa wanaokuja. Tangu Julai 2025, kufuatia suluhu ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliifungua dhidi ya NCAA, vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Kanuni za F-1 hazikubadilishwa na suluhu hiyo. Kijana wa kwetu atakaa chumba kimoja na mwenzake anayelipwa, na mtu wa Instagram atakuja tena na jina la Tshiebwe mdomoni. Familia imuulize mtu huyo kazi italipwa kwa lipi, itafanyiwa nchi gani, na mwanasheria gani wa uhamiaji ameandika kwamba inaruhusiwa.

Familia ya J sasa ina binamu yake, msichana wa miaka 18 mwenye mkono mzuri wa pointi tatu, anayeanza mwaka wa kwanza katika chuo cha jamii, cha miaka miwili ambacho wengi huhamia chuo kikuu baadaye. Mjomba alinipigia mwezi uliopita. Hakuuliza timu inacheza ligi gani. Alitaka kujua kama uhasibu wa pale unakubaliwa na vyuo vya jimbo lile.